Akiba ya Tatu

Jumamosi ya tarehe 29 Novemba 2014, robo ya mwisho ikiwa imeanza tu, watu zaidi ya laki moja walinyamaza kwa wakati mmoja. Nilikuwa mmoja wao, nimesimama safu za juu upande wa wanafunzi, nimevaa makoti mawili na kofia ya kuazima. Ilikuwa mechi ya mpira wa Kimarekani, na kule chini kijana wa miaka 19, J.T. Barrett wa Ohio State, alikuwa amelala kwenye nyasi bandia, kifundo cha mguu kimevunjika. Devin Gardner wa Michigan, anayecheza nafasi ileile upande wa wapinzani, alitoka benchi la kwao, akavuka, akapiga goti kando yake na kumsemesha. Sijasahau goti lile. Vyuo hivi viwili vinachukiana tangu enzi za mababu. Wiki ile nzima wanafunzi wa Ohio State walikuwa wamepita na utepe mwekundu wakifuta herufi M kwenye vibao vyote vya chuo.

Mwenzangu wa maabara, binti wa mkulima wa mahindi na soya, alinishika mkono akatamka jina moja: "Cardale."

Nilimtazama yule aliyekuwa anavaa helmeti yake taratibu. Pande la mtu, mzito, mrefu kupita karibu wote waliomzunguka. Agosti tu ya mwaka ule Cardale Jones alikuwa wa tatu katika nafasi yake. Na mimi wa tatu nawajua, kwa sababu ni mmoja wao.

Nilifika Columbus, mji wa Ohio State, mwezi Agosti mwaka ule kwa nafasi ambayo kwanza haikuwa yangu. Palikuwa na Watanzania wengine chuoni, wengi wao wamekuja kupitia mradi uliounganisha Ohio State na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro. Ufadhili wangu mimi ulitoka kwingine. Ulikuwa wa mtu mmoja, na orodha ilikuwa na jina la mteule na majina mawili ya akiba. Langu lilikuwa la mwisho. Mteule alipata kazi nzuri akaghairi kusoma. Wa pili aliuguliwa na mama yake, akaona hawezi kumwacha. Simu ikanikuta Muheza, niko kwenye shimo la kuchukulia sampuli za udongo, tope hadi magotini. "Dada, pasipoti unayo?" Nilikuwa nayo. Niliiomba tangu mwaka uliotangulia, watu wakinicheka kwamba nakata pasi ya kwenda wapi.

Nilipanda ndege na aibu yangu begani. Chuo kile ndicho alichofundisha Profesa Rattan Lal, ambaye mtu yeyote anayesoma mambo ya udongo amewahi kukutana na maandishi yake, na kila nilipopita karibu na jengo letu niliwaza kwamba kuna mtu mwingine aliyepaswa kuwa anapita pale. Sikumwambia mtu. Nilipoulizwa nimepataje ufadhili, nilijibu kwa mkato.

Lakini benchi nililijua zamani zaidi ya hapo. Nikiwa sekondari nilichaguliwa timu ya netiboli ya wilaya kwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mashindano yote nilisugua benchi. Kazi yangu ilikuwa kumenya machungwa, kuyakata vipande, na kuwapelekea wenzangu wakati wa mapumziko. Kwetu Muheza machungwa si kitu cha kutafuta. Siku moja mfungaji wetu aliteguka mguu. Mwalimu aligeuka, akatutazama pale tulipoketi, macho yake yakanipita. Akamtoa mchezaji wa katikati akampeleka kufunga, ambako hakuwahi kucheza. Tulipigwa vibaya sana. Nilimkasirikia mwalimu yule miaka mingi, hadi nilipoona jambo lililokuwa wazi siku zote: angeniingizaje? Tangu kambi ianze hakuna aliyenirushia mpira nikiwa chini ya goli. Nilikuwa najua kumenya machungwa.

Mchezo wa Wamarekani nilifundishwa na binti yule yule wa maabara, kwa punje za mahindi juu ya meza. Kila upande wachezaji 11. Wanaoshambulia wanapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Wakifaulu wanapewa manne mengine, wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kuuingiza mpira hadi eneo la mwisho la wapinzani ni pointi sita, na teke la nyongeza linaongeza moja. Yote yanapita mikononi mwa mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira, na katika sekunde mbili tatu, huku majitu yanamjia kumvunja, anaamua kukimbia, kumkabidhi mwenzake au kurusha mbali. Timu yenye kwotabeki mbovu ni chombo kisicho na nahodha. Ndiyo maana mji mzima ulikuwa na majonzi nilipowasili. Braxton Miller, aliyechaguliwa mshambuliaji bora wa ligi yao miaka miwili mfululizo, aliumia bega mazoezini katikati ya Agosti, na msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Barrett, aliyekuwa hajacheza hata mechi moja ya chuo, ndiye aliyekuwa amempita Cardale muda mfupi tu kabla ya hapo. Akapanda kuwa wa kwanza. Cardale akabaki nyuma yake.

Tarehe 6 Septemba, usiku, Virginia Tech walikuja nyumbani kwetu wakatufunga 35 kwa 21. (Nimeandika "nyumbani kwetu" bila kufikiri, na nitaacha hivyo.) Barrett alibanwa kila upande, akarusha mipira mikononi mwa wapinzani. Jumatatu nilikuta watu maabara wanaongea kwa sauti za matangani. Mwaka ule ndio ulikuwa wa kwanza kwa ubingwa kuamuliwa na timu nne zilizochaguliwa na kamati, na kila mtu alisema timu iliyofungwa nyumbani, tena mapema, tena na timu ya kawaida, isahau. Virginia Tech wenyewe walimaliza msimu wameshinda mechi saba na kupoteza sita.

Jumamosi iliyofuata Ohio State waliifunga Kent State 66 kwa 0. Kisha wakaendelea. Sitazisimulia mechi zote. Niseme tu kwamba Oktoba huko Penn State Barrett alicheza amejeruhiwa goti, mechi ikaenda muda wa nyongeza mara mbili, wakashinda 31 kwa 24. Kwamba Novemba waliipiga Michigan State ugenini 49 kwa 37. Na kwamba huko Minnesota walicheza kwenye theluji, nikiwa natazama kwenye televisheni huku nimejifunika blanketi, nikijiuliza vidole vyao vimeumbwa kwa kitu gani. Yule kijana aliyeliliwa Septemba alikuwa sasa anavunja rekodi za ligi.

Lakini kitu kilichonivuta kurudi uwanjani kila nilipopata tiketi ya wanafunzi ni bendi. Uwanja wenyewe wanauita Kiatu, kwa kuwa ulijengwa mwaka 1922 kwa umbo la kiatu cha farasi, na bendi huingia kwa kushuka mbio kwenye njia ya mteremko. Ni matarumbeta na ngoma tupu. Wanatembea kwa mstari mmoja uliopinda na kujikunja hadi nyayo zao zinaandika neno Ohio uwanjani kwa mwandiko wa mkono, halafu mpuliza tarumbeta kubwa kuliko zote anajitenga, anatembea kwa madaha, anasimama juu ya herufi i na kuinama. Yeye ndiye nukta. Uwanja mzima unapiga kelele kwa ajili ya nukta. Bibi yangu alikuwa akinisimulia beni za Tanga, Marini na Arinoti, sare zao, vyeo vyao vya kijeshi, na namna mtaa mmoja ulivyokuwa radhi kulala njaa ili bendi yake isishindwe na ya mtaa wa pili. Siku ya kwanza nilipoiona bendi ile nililia, nikawaeleza walio jirani kwamba ni baridi.

Turudi Novemba 29. Cardale aliingia. Hakutakiwa kufanya makuu. Timu ilikuwa inaongoza kwa pointi saba, mpira akapewa zaidi Ezekiel Elliott, akakimbia yadi 44 hadi mwisho. Tukashinda 42 kwa 28. Watu walishangilia kwa nusu ya roho. Ushindi dhidi ya Michigan huwapa wachezaji kipambo kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali, desturi ya tangu mwaka 1934, na kwa kawaida mji haulali. Siku ile ulilala.

Kesho yake ikaja habari nzito kuliko mguu wa mtu. Tangu Jumatano kulikuwa na mchezaji wa timu hiyo aliyepotea. Alikuwa mwanamieleka wa chuo aliyejiunga na timu ya mpira mwaka ule bila ufadhili, mmoja wa wale wanaofanya mazoezi kama wengine wote na karibu hawaingii uwanjani. Mama yake alikuwa amewaambia polisi kwamba mwanawe aliwahi kupata mitikisiko ya ubongo. Jumapili ile alikutwa amefariki. Sikumjua, wala sitalitaja jina lake hapa. Nyumba yao ina haki ya kumtaja wenyewe. Lakini siwezi kuandika juu ya akiba nikamwacha. Nilikuwa nimeanza kufurahia hadithi ya Cardale kama ngano, kwamba anayesubiri hupata. Wapo wanaosubiri wasipate. Wapo wanaobeba maumivu chini ya helmeti, na kwa kuwa majina yao hayatangazwi kwenye vipaza sauti, ni rahisi mtu asiwatazame usoni.

Tarehe 6 Desemba ilikuwa fainali ya ligi yao huko Indianapolis, dhidi ya Wisconsin. Nilikwenda kuitazama mtaa wa Cleveland Avenue, kwenye duka la mzee mmoja wa Barawa ambaye kwake nilikuwa nanunua unga wa ugali na nazi za kopo. Columbus ina Wasomali wengi sana, na miongoni mwao wamo watu wa Barawa, ambao lugha yao, Chimwini, ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mzee alikuwa amekaa miaka kadhaa kambi ya wakimbizi Mombasa, kwa hiyo nami alizungumza Kiswahili cha huko. Wajukuu zake, waliozaliwa Ohio, walikuwa wamejaa mbele ya televisheni na jezi nyekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Keti. Leo twaliwa au twala?"

"Wanaingia na kwotabeki wa tatu, mzee. Hajawahi kuanza mechi hata moja."

Akacheka kidogo. "Akiba haiozi."

Timu iliingia uwanjani. Michael Bennett, mlinzi wao, alikuwa amevua namba yake akavaa 53, namba ya yule marehemu. Wajukuu wakanyamaza bila kuambiwa.

Kisha Cardale akarusha mpira. Nimejaribu mara nyingi kuueleza mkono ule kwa watu wa nyumbani. Alikuwa anautupa mpira kama mtu anayetupa jiwe kuvuka mto, unakwenda juu, mbali, unaonekana umepotea, halafu Devin Smith anaruka kati ya walinzi na kuutwaa. Mara tatu Smith aliuingiza namna hiyo. Hadi mapumziko Wisconsin hawakuwa na pointi, na mwisho walikuwa bado hawana: 59 kwa 0. Mkimbiaji wao Melvin Gordon, aliyekuwa tishio la nchi nzima mwaka ule, hakufika hata yadi mia moja. Mzee aliinuka akawagawia watu wote sambusa bila kuchukua senti.

Mimi nikamrudia kwa neno lake. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba mimi ni mtu wa kilimo na nimeiona akiba ikioza. Nimefungua vihenge Handeni nikakuta magunzi yamejaa unga mweupe wa dumuzi, mdudu aliyeingia kwetu kuanzia Tabora na ambaye wakulima wengine walimwita Scania. Mwenye kihenge alikuwa amelala na moyo mweupe miezi mitano akijua chakula kipo. Akiba haiozi kwa anayeifungua, akaipeta, akaianika, akatia dawa, akafunga tena. Mzee alifikiri, akasema, "Basi huyu kijana yuko aliyekuwa akimuanika."

Alikuwa amepatia kabisa. Tangu jioni ile nikaanza kuuliza. Makwotabeki wote wa Ohio State walikuwa chini ya kocha mmoja, Tom Herman, na walikaa naye chumba kimoja wakitazama mikanda ileile ya mechi na kujibu maswali yaleyale, awe wa kwanza au wa tatu. Mechi iliyokwisha kuamuliwa, Urban Meyer, kocha mkuu, alimwingiza wa akiba apate kusikia joto la mchezo. Lugha ya ishara za timu ilikuwa kichwani mwa wote. Aliyeanguka hakuondoka na elimu. Hakuna muujiza hapo. Pana saa nyingi za kazi ambazo tiketi haikatwi kuzitazama. Na Cardale naye alikuwa amefanya sehemu yake, maana kushushwa Agosti kungemtosha mtu kununa hadi Desemba.

Hapo ndipo nilipomwambia mwenzangu wa maabara, kwa mara ya kwanza, namna nilivyopata nafasi yangu. Alishangaa kwamba lilikuwa siri. Akaniuliza swali moja tu: pasipoti niliikata lini? Nilipomjibu, aliendelea kupima sampuli zake. Aibu ile sijaibeba tena.

Siku iliyofuata fainali ya Indianapolis kamati iliiweka Ohio State nafasi ya nne, ya mwisho, mbele ya TCU na Baylor, na ubishi wake haujaisha hadi leo. Mwaka mpya, New Orleans, wakakutana na Alabama, walioshika nafasi ya kwanza. Wakawa nyuma 21 kwa 6, wakarudi, wakashinda 42 kwa 35. Elliott alichomoka yadi 85 zikiwa zimebaki dakika tatu na kitu, na wajukuu wa mzee karibu waangushe rafu ya tambi. Tarehe 12 Januari 2015, Arlington, Texas, wakaifunga Oregon ya Marcus Mariota 42 kwa 20. Mechi ya tatu ya Cardale kuanza katika maisha yake ya chuo ilikuwa ya ubingwa wa taifa, na aliishinda.

Siku tatu baadaye nchi nzima ilisubiri Cardale atangaze kwamba anakwenda kucheza ligi ya kulipwa. Alikuwa na mtoto mchanga, na wenye hesabu walisema thamani yake haitapanda tena kuliko pale. Watu pia walikuwa wamefukua maneno aliyoandika mtandaoni mwaka 2012, akiwa mgeni chuoni, kwamba hakuja kucheza shule na kwamba vipindi havina maana. Alirudi Cleveland, kwenye shule ya kocha aliyemlea, akasema anabaki kusoma.

Nilirejea Tanga mwaka 2016. Ofisi moja niliyowahi kufanya nayo kazi ilikuwa na mashine ya kupima madini ya udongo, na aliyejua kuiendesha alikuwa mmoja. Alipostaafu, sampuli za wakulima zilikaa kwenye mifuko miezi mingi, msimu wa kupanda ukapita, mtu akaweka mbolea kwa kubahatisha. Hakuna aliyefanya ubaya kwa makusudi. Kila mmoja aliamini yule mzee yupo tu. Tulipoanza upya, nilidai kila kazi iwe na watu watatu, na kila Ijumaa anayeendesha mashine awe wa tatu, wa kwanza akiwa amekaa pembeni, mikono mfukoni. Walinung'unika kwamba Ijumaa majibu yanachelewa. Ni kweli yanachelewa. Ijumaa haijafutwa.

Jioni ninafundisha netiboli wasichana wa kata yetu. Machungwa tunamenya kwa zamu, na mfungaji wetu bora ana zamu yake. Wa akiba wanapata kipindi kizima katika kila mechi ya kirafiki, hata tukifungwa, na tumefungwa mara nyingi. Kabla ya mazoezi huwaangalia usoni mmoja mmoja, nikianza na wale wasiotajwa.

Barrett alipona, akaiongoza Ohio State hadi msimu wa 2017. Cardale alikwenda ligi ya kulipwa mwaka 2016, huku akiwa bado anadaiwa masomo. Aliyamaliza. Mei 2017 alivaa joho katika uwanja uleule wa Kiatu akapokea shahada yake, ya masomo ya Afrika na Wamarekani Weusi.